Kiapo cha Mzee Dubow na Mita Iliyosoma Sifuri

Mwanangu, ipo siku moja ambayo hainingoji niikumbuke, huja yenyewe. Huja nikiwa nimekaa na watu tunakunywa chai, mtu akitaja sifuri katika habari za mpira, nami hutazama mikono yangu. Miaka mingi imepita, ndevu zimeingia mvi, na bado siku ile haijanitoka. Nakusimulia wewe kwa sababu umeshika kazi hii ya kupima umeme, na vitabu havitakusimulia. Mimi vitabu nimevisoma. Sikupelekwa chuo, nilijifunza kwa vitabu vilivyotupwa na vyombo vilivyoharibika, nikifungua kimoja kimoja, nikichora nilichokiona kabla ya kukigusa, kisha nikifunga. Vitabu husema: pima. Havisemi ni nani atakuwa amekaa kwenye benchi akikutazama.

Wakati huo nilikuwa kijana, nafanya kazi Garissa mjini. Wazazi wangu ni watu wa mto, wa upande wa chini kule Tana, kwa hiyo wenyeji wa sokoni waliniita mtu wa mto, kwa utani na kwa mapenzi. Pampu za sola zilikuwa zimeanza kuingia katika visima virefu vya bara, na mafundi wa kuzielewa tulikuwa wachache. Sasa katika kiangazi kimoja kibaya, kiangazi cha mizoga kando ya barabara, akaja Hussein na pikapu. Hussein ndiye aliyekuwa mtunza pampu wa kisima kimoja nje ya barabara ya Modogashe. Pampu yao ilikuwa imenyamaza tangu jana yake, na mifugo ilikuwa inazidi kuwasili.

"Fundi Omari," akaniambia kabla hata ya kuzima injini, "ngamia inasimama pale kama watu wa kupiga kura. Twende."

Shida ni kwamba mita yangu ya kupimia umeme ilikuwa mbovu. Kile kitufe cha kuzungusha kilikuwa kimelika ndani. Nilikifungua nikaona vile vibati vyembamba vya shaba vimekwisha kwa kusuguana, nikaagiza kipuri Nairobi, na kipuri kilikuwa hakijafika. Nikamwambia Hussein tupitie kwa Mzee Dubow.

Mzee Dubow alikuwa fundi wa redio na mita, na duka lake lilikuwa dogo kiasi kwamba wateja walikaa nje kwenye benchi. Sisi vijana tulimwita Adeer, yaani baba mdogo, hata tusiokuwa wa damu yake. Nilipomweleza shida yangu hakuuliza maswali mengi. Alinyoosha mkono rafuni akatoa mita yake mwenyewe, ya rangi ya manjano, akaniwekea mezani.

"Chukua. Wallahi hii ni nzima. Jana jioni nimepima nayo friji ya mtu. Wallahi, nzima."

Mzee mmoja kwenye benchi akacheka. "Mtu wa mto, hiyo mita imeapiwa mara mbili! Mimi siku ya ndoa yangu bibi hakuapiwa hivyo."

"Na ndiyo maana alikurudisha kwenu," akajibu mwenzake, na benchi zima likaangua kicheko.

Hapo mezani, mwanangu, palikuwa na betri ya gari ambayo Mzee Dubow aliitumia kujaribia redio. Ilikuwa karibu na kiwiko changu. Mkono wangu ulikuwa umekwisha kunjua zile nyaya mbili za mita, nyekundu na nyeusi, ili nigusishe ncha zake kwenye betri nione kama inasoma. Ilikuwa desturi yangu hata kwa mita yangu mwenyewe. Lakini nikawaona wale wazee wawili wananitazama, na Mzee Dubow ananitazama, na kiapo bado kimening'inia hewani. Wewe umekulia huku, unajua. Mtu mzima akishaapa mbele ya wenzake, ukapima alichokiapia, umemwambia nini? Na mimi kijana, tena mgeni wa mto, tena niliyekuja kuazima? Nikazikunja zile nyaya taratibu, nikashukuru, nikaondoka. Nilijiona nimefanya adabu.

Nilipoingia garini niliiweka mita juu ya sanduku langu la chuma, nyuma, bila kuifunga kitambaa. Barabara ile enzi hizo ilikuwa ya vumbi na matuta madogo madogo yaliyopangana kama mbavu, na gari likienda mbio kila kitu kilitetemeka mpaka meno. Tena tukizungumza habari ya meno, Hussein alikuwa na meno ya kujivunia. Kijiti cha mswaki hakikumtoka mdomoni. Tuliposimama kununua soda alizifungua zote mbili kwa magego, akanipa yangu.

"Hussein, utayavunja."

"Haya? Haya inafungua kila kitu, walaal, ndugu yangu. Imebaki benki tu."

Tulifika kisimani jua likiwa limesimama utosini. Sitakueleza sana nilichokiona, maana nawe umeona viangazi vyako. Ngamia walikuwa wamelala kuzunguka hori za kunyweshea, na hori zilikuwa nyeupe kwa chumvi iliyokauka. Mbuzi walikuwa wanalamba simenti. Hakuna aliyekuwa akipiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Chini ya kibanda cha mabati mama mmoja alikuwa na jiko na birika la chai, na mbuzi wake walikuwa miongoni mwa wale waliokuwa wakilamba. Jina lake Habiba. Kila mtu alimwita Eeddo, yaani shangazi, na ulimi wake ulikuwa haupumziki.

"Waryaa, we fundi!" akanipokea. "Umekuja na maji ama umekuja na sanduku?"

"Nimekuja na sanduku, Eeddo."

"Basi fungua haraka. Ngamia itakunywa sanduku."

Nikacheka, lakini mikono ilikuwa tayari inafungua kisanduku cha umeme kilichokuwa ukutani. Nilifanya kama nilivyojifunza. Kwanza nikazima swichi kuu inayotenga paneli na pampu. Halafu, kwa kuwa paneli zikiwa juani hazina pa kuzimiwa, nikapima zile nyaya mbili zinazoshuka kutoka kwenye paneli. Hapo palitakiwa pawe na zaidi ya volti mia nne. Mita ikasoma sifuri. Nikahamisha ncha, nikapima tena. Sifuri.

Mwanangu, nyanyua uso utazame jua la adhuhuri la upande wa Modogashe. Sasa niambie, paneli zimepangwa safu nzima, vioo vimefutwa, hakuna wingu, na fundi anasema hazitoi hata volti moja. Akili ilipaswa kusimama hapo hapo. Lakini nilijijibu upesi mno: waya umekatika njiani, ardhini. Nikatazama chini nikaona kwato za punda zimepita juu ya mtaro wa waya, nikasema moyoni, ndiyo, hao hapo. Mtu akishaamini jambo hakosi kuuona ushahidi wake.

"Inasema nini?" akauliza Hussein.

"Sifuri."

"Hakuna umeme kabisa?"

"Hakuna."

"Wallahi?"

Nami nikasema, "Wallahi."

Umesikia nilichofanya? Niliapa juu ya kiapo cha mtu mwingine. Kile nilichokuwa nimekijua kwa hakika ni kwamba mzee wa watu alikuwa amesema neno mjini asubuhi.

Tukakubaliana tuzifungue nyaya zote mbili kisandukuni, tuzikate ncha zilizoota kutu ya kijani, tuzimenye upya, kisha tuufuatilie waya mpaka tuone ulipokatikia. Hussein akazifungua kwa bisibisi, moja baada ya nyingine, akazikata kwa koleo. Mimi nikainama sandukuni kutafuta kisu cha kumenyea.

"Acha kisu," akasema, "mimi niko na yangu," akanionyesha meno.

Wa kwanza aliumenya kwa meno na hakuna kilichotokea. Leo najua kwa nini hakikutokea. Alikuwa amevaa kandambili, amesimama mahali pakavu kama unga, na ameshika upande mmoja tu wa umeme. Umeme wa paneli zile haukuwa na njia ya kupita mwilini mwake. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba alikuwa na nusu ya kifo mkononi. Akaubana ule waya kwa mkono wa kushoto, shaba yake imelala kwenye kidole gumba. Akauinua wa pili kwa mkono wa kulia. Akaung'ata, akavuta, ganda likatoka nusu. Akalitema ganda. Akaufungua mdomo tena amalizie, na sasa shaba ilikuwa nje, tupu, inang'aa, inakwenda mdomoni.

"Waryaa Hussein!" Eeddo Habiba akapaza sauti kutoka kibandani. "Njaa imefika hapo? Unakula waya na chai yangu iko hapa?"

Hussein akacheka. Ni hilo tu, mwanangu. Alicheka, na mtu akicheka mikono hushuka. Ile shaba ya kulia ikashuka kutoka mdomoni ikagusana na shaba ya kushoto.

Zilipogusana hapakuwa na kitu. Zilipoachana ndipo moto ulipozaliwa kati yake. Wale waliozoea umeme wa nyumbani hutarajia mlipuko mmoja na kimya. Umeme wa paneli si hivyo. Moto mweupe wenye buluu ulisimama katikati ya ncha mbili ukawa unavutika jinsi mikono yake ilivyokuwa ikiachana, na ukawa unanguruma, sauti kama turubai linalochanwa lisiloisha kuchanika. Sijui ulidumu muda gani. Nilimwona uso wake kupitia ule mwanga, kinywa bado kimefunguka kwa kicheko ambacho hakikupata nafasi ya kwisha. Akazirusha nyaya. Zikaanguka mavumbini mbali mbali, moto ukakatika. Ngamia wote walikuwa wamesimama.

Gilasi ilianguka kibandani nikaisikia ikivunjika. Ncha za zile nyaya zilikuwa zimeyeyuka zikawa vitone vya mviringo, kama shanga. Nyusi moja ya Hussein ilikuwa imeungua, na vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimegeuka rangi. Alivitazama kwanza. Halafu akanitazama mimi.

"Omari," akasema, polepole kabisa. "Ulisema sifuri."

Laiti angenitukana. Laiti angenipiga na lile koleo. Alisema tu maneno hayo, kisha akagusa midomo yake kwa mkono mzima, akaipapasa kama mtu anayehakikisha iko.

"Mimi ningeweka kwa mdomo," akasema. "Hii kwa mkono, hii kwa mdomo."

Kutoka mkono wa kushoto hadi mdomoni, njia ya umeme hupita kifuani. Sikumwambia. Nadhani alijua. Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi. Eeddo Habiba alikuja na dumu la maji aliyokuwa ameyaweka ya chai, maji ya mwisho aliyokuwa nayo, akamwagia Hussein vidoleni yote, mpaka tone la mwisho, huku akisema: "Subhanallah, Subhanallah, mimi nilikuwa nacheka tu. Mimi nilikuwa nataniana tu." Alilirudia hilo mara nyingi, kana kwamba kuna aliyemshitaki. Hakujua kwamba utani wake ndio uliokuwa umemrudisha mtu.

Nilipoweza kusimama sikugusa kisanduku. Nilikwenda kwenye pikapu, nikafungua boneti, nikaweka ncha za mita kwenye betri. Betri iliyotuleta kutoka Garissa, iliyowasha injini mbele ya macho yangu. Mita ikasoma sifuri.

Kioo cha mita kilikuwa kinang'aa, tarakimu zimekaa vizuri, haina dalili ya ugonjwa. Ingekuwa imezimika ningeitupa na kutafuta nyingine. Ilikuwa hai, na ilikuwa inasema uongo kwa utulivu kabisa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi nikaanza kuitibu yenyewe kabla ya kutibu chochote, kwa utaratibu. Niliigeuza kwenye kipimo cha mlio, nikagusanisha ncha zake mbili. Ilipaswa kulia, haikulia. Betri yake ya ndani ilikuwa na nguvu, tarakimu zilionyesha. Nikatia waya mwekundu mwingine niliokuwa nao sandukuni, bado kimya. Basi kosa halikuwa kwenye nyaya. Nikaushika ule waya pale unapoingia kwenye tundu la mita, nikautikisa kidogo. Ikalia, ikakata. Ikalia, ikakata. Nikafungua skrubu za nyuma. Pale ambapo tundu lile la shaba limelehemiwa kwenye kibao cha ndani, lehemu ilikuwa imepasuka kuzunguka, ufa mwembamba kama unywele, duara kamili. Ni mtetemeko wa barabara uliofanya hivyo, na pengine ufa ulikuwa umeanza siku nyingi na barabara ikaumalizia.

Sikuwa na umeme wa kupashia chuma cha kulehemia. Nikachukua kipande cha waya mnene wa shaba, nikakibana kwa koleo, nikakichomeka kwenye makaa ya Eeddo Habiba mpaka kikaiva. Nikakifuta, nikakigusisha pale kwenye ufa pamoja na lehemu kidogo. Ikayeyuka, ikazunguka, ikang'aa. Nilifunga mita nikairudisha kwenye betri ya gari. Volti kumi na mbili na kitu. Nikaitikisa, nikaigonga kwa kiganja, nikapima tena. Ileile.

Ndipo nikaenda kwenye paneli zenyewe, nikachomoa kiungo kimoja cha safu ili mnyororo wa umeme ukatike. Nikapima zile nyaya mbili. Sifuri. Na safari hii sikuamini. Nikarudi mpaka kwenye betri ya gari nikapima: kumi na mbili. Basi sifuri ile ilikuwa ya kweli. Hapo tu ndipo nilipozishika, tena kwa upande wa ganda.

Ugonjwa wa pampu, ukitaka kujua, ulikuwa mdogo hata aibu. Nilipozirudisha nyaya na kuunganisha safu, umeme uliingia kwenye swichi kuu zaidi ya volti mia nne na haukutoka upande wa pili. Ndani ya swichi, vibati vya kugusana vilikuwa vimeungua. Swichi ile ilikuwa na njia mbili za akiba zisizotumika. Nikachomoa tena kule juu, nikapima, nikahakikisha, nikahamishia nyaya kwenye njia nzima, nikaunganisha safu na kuwasha. Maji yalipofika kwenye hori watu walipiga vigelegele. Hussein alikuwa amekaa kibandani, mkono umefungwa kitambaa, anatazama maji. Hakupiga vigelegele. Mimi pia sikuweza.

Tulirudi Garissa kesho yake, nikampeleka Hussein akafungwe vidole vizuri, kisha nikaenda kwa Mzee Dubow kurudisha mita. Wale wazee walikuwapo kwenye benchi. Nilimwambia yote bila kuficha, nikamwonyesha pale nilipolehemu. Akaivaa miwani yake akatazama. "Umelehemu vizuri," akasema. Nikadhani yamekwisha. Akavua miwani.

"Hapa kwa meza kulikuwa na betri."

"Ndiyo, Adeer."

"Wewe siku zote unapima. Mimi nakujua. Kwa nini hukupima?"

"Adeer, ulikuwa umeapa."

Mwanangu, sijawahi kumwona mtu akipigwa na neno namna ile. Uso wake ulibadilika kana kwamba damu yote imeteremka miguuni. Akatafuta kiti kwa mkono, akakaa.

"Mimi niliapia ile jana ya friji," akasema hatimaye. "Jana ilikuwa nzima, wallahi ilikuwa nzima. Kiapo cha leo nani alikupa? Barabara ya Modogashe mimi naweza kuapia?"

"Niliona ni kukuvunjia heshima mbele ya watu."

"Heshima!" Akapiga meza mpaka redio zikaruka. "Nyinyi Waswahili mnasema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Sasa mita ndiyo ulitaka ile ya jana? Sikiliza, Omari. Huyo mtoto wa watu angekufa, wazee wangekaa. Wangeuliza, nani aliua? Wewe ungesema, mita. Wangekuja kwa mwenye mita. Mimi ningesema niliapa, na niliapa kweli. Wangekuuliza wewe, nawe ungesema uliona sifuri, na ni kweli uliona. Sisi wote ni wakweli, na mtu iko kwa kaburi. Hiyo diya ya ngamia, fidia ya damu, ingelipwa na nani? Ukoo yangu na watu wako wa mto wangeanza kutazamana vibaya, kwa nini? Kwa sababu wewe ulimwonea Dubow haya."

Yule mzee aliyetania jana yake alikohoa, akasema kwa sauti ya chini, "Na sisi tulikuwa tunacheka hapa."

"Na nyinyi mlikuwa mnacheka," Mzee Dubow akakubali. Kisha akanigeukia mimi, na hasira ilikuwa imekwisha, imebaki hofu tupu, hofu ya mzee, ambayo ni mbaya kuitazama kuliko hasira. "Mimi ulimi wangu ni nyama, Omari. Haipitishi umeme, haizuii umeme. Usiifanye chombo."

Jioni hiyo alifunga duka mapema, akaenda mwenyewe kumwona Hussein, akakaa karibu naye muda mrefu. Hakuwa na kosa, lakini alikwenda. Na tangu siku ile, mtu akija kuazima mita, Mzee Dubow hakuapa tena. Aliisukuma betri katikati ya meza, akasema, "Pima mbele yangu." Asiyepima hakupewa. Wako waliomnung'unikia kwamba amezeeka vibaya.

Sasa lipokee ninalotaka kukuachia. Chombo cha kupimia ni shahidi, na shahidi huulizwa kwanza jambo ambalo wewe mwenyewe tayari unalijua. Muulize juu ya betri inayowasha gari. Akilijibu sawa, mpeleke kwenye lile usilolijua, halafu mrudishe tena kwenye lile la kwanza, maana katikati ya hatua mbili tu anaweza kupasuka ndani. Tarakimu kubwa ikikosea mara nyingi utaishuku, lakini sifuri inabembeleza: inakuambia lala, hakuna kitu, shika tu. Iogope sifuri hasa pale jua linapokuambia vingine, kwa kuwa jua halijapita barabara ya matuta. Chombo kikiugua, kitibu chenyewe kwanza, upande mmoja baada ya mwingine, wala usione haya kwamba watu wanangoja maji. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nami naongeza kwamba kuna ufa ambao baada yake hakuna ukuta wa kujenga, kuna kaburi tu la kuchimba.

Na hili ni zito zaidi kwangu. Usiwasitiri wakubwa wako kwa roho ya mtu mwingine. Mzee mwema akikupa kitu, mheshimu kwa kukipima mbele yake. Umemtua mzigo ambao hakujua amebeba. Akikasirika, mwache akasirike. Hasira hupoa kabla ya chai. Wala usiape juu ya kitu ulichoambiwa. Sema, "Nimeambiwa," kisha kapime, kisha sema, "Nimeona."

Mungu akupe macho ya kushuku na moyo usioshuku watu. Akuonyeshe ufa ukiwa bado unywele. Akujalie wenzako wakuamini kwa haki, na siku utakapokosea akuwekee karibu mtu wa kukuita kwa jina, kama Eeddo Habiba alivyomwita Hussein. Ufanye kazi mpaka uzeeke, na wote uliofanya nao kazi wazeeke nawe. Amin.